Mlango wa darasa 111: uchambuzi wa dakika 77 za Uvalde

Mlango wa darasa 111 katika shule ya msingi Robb, mjini Uvalde, jimbo la Texas, ulifungukia nje, upande wa korido. Fremu yake ilikuwa ya chuma. Tundu la ufunguo lilikuwa upande wa korido tu, kwa hiyo mwalimu aliyetaka kujifungia na wanafunzi wake ilimbidi aufungue mlango, atoe mkono nje, azungushe ufunguo, kisha auvute. Hata akifanya hayo yote, mlango huo ulikuwa na kasoro iliyojulikana shuleni: ulimi wa kitasa haukuingia kwenye tundu lake mpaka mtu auvute kwa nguvu. Mwalimu wa darasa alikwisha kulieleza hilo. Hakuna aliyeandika ombi la matengenezo.

Tarehe 24 Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliingia kwa mlango huo, au kwa mlango wa 112 ulio jirani, akiwa na bunduki. Waliuawa watoto 19 na walimu 2, na wengine 17 walijeruhiwa. Askari wa idara mbalimbali waliofika shuleni walikuwa 376. Tangu aingie katika jengo mpaka alipouawa zilipita dakika 77. Jina lake hatulitaji hapa, kwa sababu wengi wanaofanya mashambulizi ya namna hii hulitafuta hilo hasa: jina lao litajwe.

Watu wengi hufunga mjadala wa Uvalde kwa kusema askari waliogopa. Hofu ilikuwepo, na video ya korido inaionyesha. Lakini ukizifuata dakika moja baada ya nyingine utaona mambo mawili yaliyofanya hofu hiyo iwe na mahali pa kujificha. La kwanza ni mlango ambao kila mtu aliamini umefungwa na hakuna aliyeujaribu. La pili ni jina ambalo tukio lilipewa na askari katika dakika za mwanzo, wakashindwa kulibadilisha hata ushahidi ulipokuwa ukilia masikioni mwao.

Kengele iliyozoeleka

Uvalde ni mji wa watu kama 15,000, kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Wasafirishaji haramu wa watu hupita barabara zake kuu. Polisi wakiwafukuza, dereva hutelekeza gari na abiria hukimbia kila upande, na kila jambo hilo likitokea karibu na shule, shule zilipewa tahadhari. Kati ya mwishoni mwa Februari na Mei 2022 tahadhari zilikaribia 50, na takriban tisa katika kila kumi zilitokana na magari hayo. Mwalimu aliyekwisha kupokea ujumbe huo mara kadhaa kwa mwezi hufunga mlango bila haraka, au hamalizi kuufunga.

Ujumbe wenyewe ulipitia programu ya simu na kompyuta. Mtandao wa Wi-Fi ulikuwa dhaifu katika baadhi ya majengo, na si kila mwalimu alikuwa na simu mkononi. Siku ile mwalimu mkuu alihangaika kutuma tahadhari kwa sababu ya mtandao, na vipaza sauti vya shule havikutumika kabisa. Wapo walimu waliojua kuna hatari kwa kusikia milio ya risasi au kelele za wenzao.

Halafu kuna suala la funguo. Hazikutosha, hasa kwa walimu wa muda wanaoshika darasa kwa siku moja mbili. Basi milango ilizuiwa kwa jiwe au kabari, au sumaku ikabandikwa kwenye fremu ili ulimi usiingie na mlango ubaki wazi. Kanuni ya maandishi ya wilaya ya shule, yaani chombo kinachoendesha shule za umma za mji huo, ilisema wazi kwamba milango ya madarasa ibaki imefungwa muda wote wa masomo. Mpango wa usalama wa wilaya hiyo ulikuwa miongoni mwa michache iliyoonekana kufaa pale jimbo lilipokagua mipango ya shule. Karatasi ilikuwa nzuri.

Tuliweke sawa jambo moja lililopotoshwa siku za mwanzo. Mwalimu mmoja alilaumiwa kwamba aliuacha wazi mlango wa nje wa magharibi. Kweli alikuwa ameuzuia kwa jiwe alipokwenda kuchukua vitu kwenye gari, lakini alipouona mkasa ukianza aliliondoa jiwe na kuufunga. Mlango ulijifunga bila kushika, kwa sababu kufuli lake halikuwa limewekwa. Milango yote mitatu ya nje ya jengo lile haikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Dakika kwa dakika

Saa zote ni za Uvalde, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Asubuhi hiyo kulikuwa na sherehe ya kutoa zawadi za mwisho wa mwaka, na baadhi ya wazazi walikuwa wametoka shuleni muda mfupi tu uliopita.

Saa 5:28 kijana huyo, ambaye alikuwa amempiga bibi yake risasi nyumbani, aliingiza gari mtaroni nyuma ya shule. Alikwea uzio wa kama mita moja na nusu, akavuka uwanja akipiga risasi. Saa 5:33 alikuwa ndani ya jengo la magharibi. Madarasa 111 na 112 yameunganishwa kwa mlango wa ndani, kwa hiyo aliyeingia moja ameingia yote mawili. Kabla askari yeyote hajakanyaga korido alikuwa amekwisha kupiga zaidi ya risasi 100.

Askari wa kwanza waliingia saa 5:36. Hapa ndipo penye uzito wote wa kisa. Ndani ya dakika kama tatu tangu muuaji aingie, askari wenye bunduki na fulana za kuzuia risasi walikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na walifanya kile walichofunzwa: walielekea kwenye mlio. Saa 5:37 risasi zilipenya ukuta na mlango, vipande vikawakwaruza wawili wao. Kuta za ndani zilikuwa za mbao za jasi, ambazo hazizuii risasi ya bunduki ya aina ile. Mwalimu katika darasa jingine alijeruhiwa kwa risasi zilizopita ukutani. Askari walirudi nyuma. Hawakusogea tena kwa nia ya kuingia kwa zaidi ya saa moja.

Saa 5:48 askari mmoja wa shule aliwaambia wenzake koridoni kwamba mke wake, mwalimu wa darasa 112, amempigia simu akisema amepigwa risasi. Alijaribu kusogea mbele. Walimzuia, wakamnyang'anya bunduki, wakamtoa nje. Hii ilikuwa habari ya uhakika, kutoka kwa mtu wanayemjua, dakika kumi na moja baada ya wao kurudi nyuma: ndani kuna majeruhi walio hai. Mwalimu huyo alifia katika gari la wagonjwa.

Ngao ya kwanza ilifika saa 5:52. Saa 6:03 mtoto alipiga 911, namba ya simu ya dharura, kutoka darasa 112 akinong'ona. Saa 6:10 alipiga tena, na dakika mbili baadaye habari kwamba chumba kimejaa waathirika ilitangazwa kwenye redio ya polisi. Saa 6:16 alisema kuna wanafunzi wanane au tisa bado hai. Saa 6:21 zilisikika risasi nne kutoka madarasani. Kundi la askari lilisogea koridoni, likasimama. Saa 6:50, dakika 29 baada ya risasi hizo, kikosi kilichoongozwa na askari wa doria ya mpaka kiliingia na kumuua.

Katika video ya korido kuna sehemu ambapo askari aliyevaa helmeti na fulana ya vita anakwenda kwenye kiboksi cha ukutani, anabonyeza dawa ya kusafisha mikono, anaipaka, anazisugua. Anafanya taratibu, kama mtu aliye katika chumba cha kusubiri. Sehemu hiyo iliwachoma wazazi kuliko nyingine, na inasema mengi: koridoni hapo hakuna aliyekuwa akiuhesabu muda.

Jina lililofunga mikono

Mafunzo ya polisi wa Marekani yanatofautisha hali mbili. Ya kwanza ni mshambuliaji anayeendelea kuua: hapo askari aliyefika, hata akiwa peke yake, huenda moja kwa moja kumkomesha, hasubiri kikosi maalumu, na hapiti kwa majeruhi kwanza. Ya pili ni mtu aliyejifungia: huzingirwa, huzungumzwa naye, huwekwa mbali na watu, na muda huwa upande wa polisi. Tofauti hii ilizaliwa Columbine, jimbo la Colorado, mwaka 1999, ambako askari walizingira shule wakisubiri kikosi maalumu huku mwalimu mmoja akivuja damu kwa saa kadhaa hadi kufa. Tangu hapo kanuni ya kwenda moja kwa moja imefundishwa nchi nzima, na polisi wa wilaya ya shule za Uvalde walikuwa wameipitia katika mafunzo ya Machi 2022, miezi miwili tu kabla.

Mkuu wa polisi wa wilaya ya shule aliamua kwamba huyu ni mtu aliyejifungia. Milio ilikuwa imepungua, mlango umefungwa kwa macho, na yeye akachukulia kwamba waliomo ndani wamekwisha kufa au hawapo. Kuanzia hapo kila hatua ilikuwa na mantiki yake, na kila hatua ilikuwa kosa. Waliwatoa watoto wa madarasa mengine kwa madirisha. Walijaribu kuongea na muuaji kupitia ukutani kwa Kiingereza na Kihispania. Walisubiri ngao, kisha ngao bora, kisha vifaa vya kubomolea, kisha funguo. Risasi za saa 6:21 zilitosha kulifuta jina hilo. Simu za mtoto zilitosha. Hata tahadhari ya askari kuhusu mke wake ilitosha. Kila askari mpya aliyefika aliukuta uamuzi umekwisha kufanywa, akadhani aliyeufanya anajua jambo asilolijua yeye.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Koridoni Uvalde chombo hakikuwa na nahodha. Mpango wa wilaya ulimpa mkuu wa polisi wa shule uongozi wa tukio kama hili. Yeye baadaye alisema hakujiona kuwa kamanda wa tukio. Aliziacha redio zake mbili nje kwa sababu alitaka mikono iwe huru: moja ilikuwa na antena ndefu ambayo ingempiga akikimbia, na nyingine kibanio chake kilikuwa hakishiki mkandani. Kwa hiyo habari za 911 hazikumfikia kwa njia yake. Hata waliokuwa na redio, mawimbi yalikuwa hafifu ndani ya jengo. Miongoni mwa waliofika, 149 walikuwa wa doria ya mpaka, 91 wa polisi wa jimbo, 25 wa polisi wa mji, na 5 tu ndio wa shule. Yeyote kati ya idara kubwa angeweza kuweka kituo cha amri nje na kusema: mimi ndimi msemaji wa mwisho. Haikufanyika.

Mkuu wa polisi wa jimbo, Steven McCraw, aliliambia Baraza la Seneti la Texas tarehe 21 Juni 2022 kwamba dakika tatu baada ya muuaji kuingia walikuwepo askari wa kutosha kumkomesha, na kwamba watoto walisubiri kwa saa 1, dakika 14 na sekunde 8. Maneno hayo ni ya kweli, ingawa 91 kati ya waliosubiri walikuwa wake.

Funguo

Sehemu kubwa ya muda ilipotea katika kutafuta ufunguo. Shada la funguo lililetwa, likajaribiwa kwenye milango mingine, halikufaa. Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote aliweka mkono kwenye kitasa cha 111 na kukivuta kabla ya kikosi cha mwisho. Kamati ya Bunge la Texas iliyotoa ripoti yake Julai 2022, na Wizara ya Sheria ya Marekani iliyotoa yake Januari 2024, zote zilifikia jambo lilelile: yaelekea mlango huo haukuwa umefungwa.

Ni rahisi kusema wangeujaribu tu. Kujaribu mlango kama ule ni kusimama mbele ya risasi, na mlango unaofungukia nje hauvunjiki kwa teke. Unahitaji kuvutwa au kubanduliwa kwa chuma. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana kazi hii hulipwa, hufunzwa, na hupewa fulana. Na aliyekuwa upande wa pili wa mlango hakuwa na fulana wala bunduki. Alikuwa na miaka tisa au kumi.

Majeruhi

Hili hupitwa haraka katika simulizi nyingi, na halistahili. Magari ya polisi yaliziba barabara, magari ya wagonjwa yakashindwa kusogea karibu. Baada ya mlango kufunguliwa, baadhi ya waliokwisha kufa walipakiwa kwenye magari ya wagonjwa, huku watoto wenye majeraha ya risasi wakipandishwa basi la shule bila mhudumu wa tiba. Wazazi waliokuwa wakisubiri waliambiwa basi jingine la walionusurika linakuja. Halikuwepo. Mtu anayevuja damu kutoka mkononi au mguuni anaweza kufa kwa dakika chache. Dakika 77 ni nyingi mno kwake. Merrick Garland, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati huo, alisema hadharani kwamba kama kanuni zingefuatwa, maisha yangeokolewa.

Mkuu wa polisi wa shule alifukuzwa kazi Agosti 2022. Juni 2024 yeye na askari mwenzake mmoja wa zamani walishtakiwa kwa kuhatarisha watoto. Kwa upande wa silaha, kijana yule alinunua bunduki mbili kihalali siku chache baada ya kutimiza miaka 18, ilhali muuzaji mwenye leseni hakuruhusiwa kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21. Kabla ya hapo aliwaomba jamaa wamnunulie, wakakataa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 25 Juni 2022 iliongeza ukaguzi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21. Umri wenyewe wa kununua bunduki ndefu haukupandishwa.

Nashville, dakika 14

Miezi kumi baadaye, tarehe 27 Machi 2023, mtu mwenye silaha alivunja kwa risasi milango ya vioo ya Covenant, shule ya binafsi ya kanisa mjini Nashville, Tennessee. Watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu waliuawa. Shule hiyo haikuwa na askari wake, tofauti na Uvalde ambako wilaya ilikuwa na idara nzima ya polisi. Simu ya kwanza ya 911 iliingia saa 4:13 asubuhi. Saa 4:27 mshambuliaji alikuwa amekwisha kuuawa.

Video ya askari inaonyesha tofauti kwa sekunde chache. Mlangoni anapewa ufunguo. Mfanyakazi anawaambia askari kwamba watoto wamejifungia madarasani, isipokuwa wawili ambao hawajulikani walipo. Wanaingia, wanafungua chumba baada ya chumba, wanasikia mlio juu, wanapanda ngazi bila kusimama kujadiliana. Shule ilikuwa imepata mafunzo ya jambo hili mwaka uliotangulia. Watu sita walikufa, kwa hiyo sioni vema kuuita huo ushindi. Lakini ufunguo ulikuwepo mlangoni, na hakuna aliyelibadilisha jina la tukio.

Kitasa kinachofaa

Kwa wazazi wa Kiswahili walio na watoto katika shule za Texas, Minnesota au kwingineko Marekani, na kwa wanaoendesha shule popote, swali la kwanza la kuuliza ni hili: mwalimu akiwa ndani, anafungaje mlango? Jibu sahihi ni kwamba anazungusha kidude upande wa ndani, bila ufunguo, bila kuufungua mlango. Kwa nje mlango hufunguka kwa ufunguo mkuu. Kwa ndani lazima ufunguke kwa mwendo mmoja wa mkono, hata ukiwa umefungwa.

Sharti hilo la mwisho halina mjadala. Shule nyingi baada ya Uvalde zilikimbilia makomeo ya ziada, minyororo na vyuma vya kuegemeza mlangoni. Vitu hivyo humfaa pia mshambuliaji aliyekwisha kuingia, na moto ukizuka huwa kaburi. Kenya inalijua hili kwa uchungu: katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yalikuwa ya nondo.

Texas sasa inazitaka shule zikague milango ya nje kila wiki na kuweka kisanduku cha funguo kuu nje kwa ajili ya waokoaji. Ukaguzi wa maana hufanywa na watu wawili, mmoja ndani, mmoja koridoni. Mlango uachiwe kutoka wazi kabisa, kisha kutoka upenyo wa sentimita kumi, maana mlango mwingine hushika ukija kwa kasi na haushiki ukija polepole. Aliye koridoni auvute kabla ya kugusa kitasa. Ukifunguka, namba ya chumba iandikwe palepale, pamoja na tarehe na jina la atakayetengeneza, na darasa lihamie chumba kingine siku hiyohiyo mpaka fundi amalize.